Mama Jose, kabla fundi hajaishika hiyo kompyuta

Mama Jose,

Za huko Kondoa? Huku Nkuhungu tunadunda, upepo na vumbi tu ndo vinatutesa, nikifuta kioo cha kompyuta asubuhi mchana naandika jina langu juu yake kwa kidole. Nimefurahi umepata hiyo mashine ya mtumba ya hesabu za duka na watoto kusomea, ila uliposema fundi atakuwekea "programu zote bure" nilishtuka, ndo mana nimekaa kukuandikia barua badala ya voisi.

Mi huo mkenge nilishauingia. Mwaka jana nilipeleka yangu kwa fundi mmoja aniwekee Office, akaweka ya krak, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni, na kitu cha kwanza alichofanya mi nikimwangalia ni kuzima antivairasi. Namuuliza mbona unazima, anasema inasumbua, itaifuta krak. Sasa mama, mlinzi anapiga kelele kuna mtu anaruka ukuta, wewe unamwambia akalale! Wiki mbili hazijaisha naamka nakuta mafaili yote yameota mkia wa herufi za ajabu, hakuna linalofunguka, linalosomeka ni moja tu, linanidai dola kwa bitikoini, ile hela ya mtandaoni, ndo nirudishiwe vitu vyangu. Bitikoini mi naitoa wapi, soko la Majengo? Picha za kipaimara cha Nuru, mitihani ya shule niliyopewa kuchapa, hesabu za kikoba, vyote. Sikulipa, maana mwizi hata ukimlipa nani kakuhakikishia atarudisha. Hesabu za kikoba zilipona kwa sababu mweka hazina wetu mbishi, anaandika kwenye kaunta buku mpaka leo na tulikuwa tunamcheka. Picha chache nilizipata kwenye simu ya dada, nilishamtumia WhatsApp.

Sa hivi nina eksteno, ile diski ya kuchomeka pembeni, kila Jumapili jioni nakopi vitu vyangu halafu naichomoa naiweka kabatini. Kuichomoa ndo penyewe, ukiiacha imechomekwa hao jamaa wanafunga na yenyewe.

Afu apdeti. Najua tunazizima kuogopa bando, hata mi nilikuwa hivyo. Ila Mei 2017 kuna kirusi kinaitwa WannaCry kiliingia kompyuta zaidi ya laki mbili, nchi kama 150, mpaka hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa, na dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Machi, watu hawakuapdeti tu. Kwa hiyo angalia yako ni Windows gani, maana Windows 10 walisitisha apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Muulize aliyekuuzia kabla hujamalizia hela yake. Antivairasi ya kununua wala usihangaike, Defender inakuja na Windows yenyewe, we usikubali mtu aizime basi.

Kuna flash sasa, hii ndo inatumaliza mjini hapa kuliko hata intaneti. Unaenda steshenari kuprinti barua ya kazi, mashine ile imechomekwa flash za watu mia tangu asubuhi, ukirudi nyumbani mafoda yako yote yamekuwa shotikati, vialama tu vya njia ya mkato. Unabonyeza, foda linafunguka kama kawaida, unaona mbona sawa tu, kumbe hapo hapo umekiwasha kirusi na mafaili yenyewe yamefichwa. Mi siendi tena na flash yenye vitu vyangu, namtumia wa steshenari PDF kwa WhatsApp au imeili anaprinti, yameisha.

Watoto wafungulie akaunti yao ya kawaida, isiwe ya adimini, ile yenye ruhusa ya kila kitu, ili Jose akitaka kuweka magemu ya kudownload hovyo ikatae mpaka uweke paswedi yako. Na hiyo paswedi isiwe jina lake na mwaka aliozaliwa, anaijua mtaa mzima.

Kingine ukipigiwa simu na mtu anajifanya huduma kwa wateja, sauti nzuri, anakwita dada, anataka umsomee namba sita zilizoingia kwenye meseji, kata. Jirani yangu alisoma, nusu saa tu WhatsApp yake ikawa inakopa hela kwa ndugu zake wote, shemeji yake akatuma elfu themanini. We weka ile hatua ya pili ya PIN kwenye settingi leo leo. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, usizifute tu.

Halafu flash uliyompa mdogo wako aniletee, ya picha za harusi, imefika salama. Ipo juu ya kabati na sijaigusa. Nambie kwanza ilichomekwa wapi.

Wasalimie wote,
Mama Nuru