Kuhusu kile kipimo cha plastiki kwenye damu

Rafiki yangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama ulipie kile kipimo cha damu cha kutafuta chembechembe za plastiki mwilini. Kwa sasa nakushauri usilipe.

Si kwamba hofu yako haina msingi. Mwaka 2021 watafiti wa Italia walikuta vipande vya plastiki katika kondo la nyuma la wanawake 4 kati ya 6. Mwaka 2022, huko Amsterdam, plastiki ilionekana kwenye damu ya watu 17 kati ya 22. Tena mwaka 2024 madaktari wa Italia walieleza kuwa wagonjwa waliokutwa na plastiki kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kuliko wenzao. Hilo halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, ila mimi silichukulii kirahisi hata kidogo.

Shida ni kupima, Rehema. Plastiki imejaa hata ndani ya maabara. Bomba la sindano ni plastiki, kifuniko cha chupa ni plastiki, na nyuzi za nguo zinapepea hewani. Glovu nazo huacha chumvichumvi ambayo mashine inaweza kuisoma kama polietilini, aina ya plastiki. Ndiyo maana watafiti makini huvaa makoti ya pamba, hutumia vyombo vya kioo, na hupitisha sampuli tupu, isiyo na damu, katika hatua zote zilezile. Sampuli tupu ikitoa chembe nyingi sawa na damu yako, basi kilichohesabiwa ni vumbi la chumba.

Njia zenyewe zina mipaka. Ya leza huitambua chembe kwa jinsi inavyotawanya mwanga, lakini chembe iliyo chini ya mikromita 1 hivi (sehemu ya elfu moja ya milimita) huikwepa. Nyingine huichoma sampuli bila hewa ya oksijeni, kisha mashine husoma gesi zinazotoka. Hii hushika hata vumbi dogo kabisa, ila mafuta ya mwili yakichomwa hutoa gesi zinazofanana na za polietilini. Ule utafiti wa mwaka 2025 uliokutisha, uliosema kuna plastiki nyingi kwenye ubongo, ulikosolewa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa ubongo umejaa mafuta. Binafsi naamini plastiki imo mwilini mwetu; ni kiasi chake ndicho nisichokiamini bado.

Na hata wakikupa namba sahihi, daktari wako ataifanyia nini? Hakuna kiwango kilichokubaliwa kuwa salama au cha hatari, wala hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuitoa plastiki mwilini.

Kuhusu mtoto, hapo kuna la kufanya leo. Watafiti wa Dublin walionyesha mwaka 2020 kwamba chupa za kunyonyeshea za polipropilini, aina nyingine ya plastiki, humwaga chembe nyingi zaidi maji yakiwa ya moto. Changanya maziwa kwenye chombo cha kioo au cha chuma, yakipoa ndipo uyatie kwenye chupa.

Ukiona bado moyo hautulii, waulize hao wauzaji: sampuli zao tupu hutoa chembe ngapi, na damu wanaichukulia kwenye chombo gani? Wakikujibu nitumie, tulisome jibu lao pamoja.

Wako akupendaye,
Mwanaidi