Shukrani kwa aliyenisaidia kuchambua hadithi fupi

Ndugu yangu uliyekaa nami tukachambua hadithi ile fupi, jina lako silijui, lakini ahsante sana. Mandhari huelezwa kuwa mahali na wakati, basi. Lakini wewe ukaniuliza: giza lililomo hadithini linamzuia mhusika kuona nini? Hapo taharuki ikaeleweka. Mwandishi anadokeza jambo, kisha anachelewesha jibu makusudi, nasi tunazidi kusoma roho ikiwa juu. Kwenye uteuzi wa msamiati ulikuwa mkali (na ilifaa!): mgeni "aliyenyata" hadi mlangoni tunamshuku papo hapo, "aliyefika" hatumshuku. Tamathali za usemi, yaani semi za kupamba lugha, tuliziacha kiporo. Uchambuzi nimeshaukabidhi, na hadithi inayofuata naianza kwa maswali yako yaleyale. Mungu akubariki.