Kijumbe hutumwa na nani? Barua kwa wanangu wa Sahare

Wanangu wauza samaki wa Sahare, Tanga,

Assalaam alaykum. Nimesikia wenzenu kumi na mmoja wametoka kikundini, na mtaani wanasema ni ugomvi wa fedha. Nimekaa na waliotoka, nimekaa na waliobaki. Sandukuni hela zote zipo. Ugomvi umetoka kwenye tangazo.

Tangazo la faini lilitumwa usiku kwenye grupu la WhatsApp. Wenye simu za kitochi wangelionaje? Kesho yake kikaoni wakatozwa, na walipouliza wakajibiwa, "Mbona tulitangaza?" Mmoja wao alianza kuanika dagaa wengi wenu hamjazaliwa. Aliniambia, "Dada, siku ile nilijua mimi si mwenzao." Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo.

Mimi nimekuwa kijumbe wa upatu miaka mingi. Anayeendesha mchezo haitwi mkubwa wala bosi, anaitwa kijumbe, kwa sababu kazi yake ni kufikisha neno. Nilikuwa napita mlango kwa mlango: wiki hii zamu ya fulani, fulani kafiwa, mnaonaje tumsogeze mbele? Hatukuwa na muhuri wala katiba. Lakini niliyemfikishia habari aliweza kunijibu palepale kibarazani kwake, akakubali, akakataa, akaomba udhuru, nami nikalibeba jibu lake kwa wenzake. Mchezo wetu ulikuwa ni huko kwenda na kurudi kwa maneno. Ninyi mna wajumbe wa kamati. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Wenu wametumwa na nani, na wanarudisha jibu kwa nani?

Na daftari lenu nimeliona. Limeandikwa "Na. 14 hajalipa." Sisi watu wa Tanga tunaijua habari hiyo. Watu walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka waliitwa manamba, kwa kuwa kwa mwajiri kila mmoja alikuwa namba. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilimwekea mwanachama wake ahadi ya kwanza inayosema binadamu wote ni ndugu zangu. Mtu aliyeitwa ndugu husimama kikaoni akasema. Namba itasimama vipi? Huyo 14 wenu ana jina, na siku ile alikuwa hospitali anamuuguza mjukuu. Hakuna aliyemuuliza.

Katiba yenu ndiyo imenihuzunisha zaidi. Mmeinakili kutoka mahali fulani, yote Kiingereza, na watu wakatia dole gumba. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mtu ajue anahukumiwa kwa lipi. Ninyi mnatozana faini hapa pwani kwa lugha ambayo wengi wenu hamuielewi?

Futeni faini zile zote. Kila mtaa uwe na kijumbe wake wa kutembea kwa miguu. Grupu libaki la kukumbushana tu.

Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu. Waliotoka nimeshawaita, kila mmoja kwa jina lake. Njooni na katiba hiyo, na aje anayeweza kuitafsiri, tuisome kwa sauti kifungu kwa kifungu. Kahawa nitapika mimi.

Mama yenu, kijumbe wa zamani