Malalamiko: mmeuza konsatina niliyokwisha kupeana mkono na mwenyewe

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa hapa Leicester, nimeshanunua na kuuza kupitia kwenu mara nne na sijawahi kuandika barua ya namna hii, ila hili limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na kila nikipiga simu napokelewa na mtu mwingine naanza kuhadithia upya. Naandika kwa Kiswahili kwasababu matangazo yenu kwetu mnayatoa kwa Kiswahili na mwenye ofisi ni mtu wa kwetu pwani, kwahiyo nikisema udalali una adabu zake mtanielewa.

Mwezi uliopita mliweka tangazo la konsatina, kile kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kusukuma, iliyotengenezwa na kampuni ya Lachenal, ile ya mfumo wa Kiingereza ambayo kitufe kinatoa noti ile ile ukivuta au ukisukuma, yenye vitufe 48, mali ya mzee mmoja wa Sheffield, bei pauni 650. Nikaomba kwenda kuiona, mkanipa namba yake, Jumamosi asubuhi nikapanda treni. Yule mzee alinipokea vizuri sana, akanitengenezea chai, akaiweka konsatina mezani juu ya taulo, na kabla sijaigusa akanitajia kasoro zake zote: kitufe kimoja cha kushoto kinachelewa kulia, mvukuto una kiraka kwenye kona, na kamba ya dole gumba ya upande mmoja imebadilishwa, sio ya asili. Alafu akachukua bisibisi akafungua zile skrubu sita za ubavuni moja moja, anazipanga kwenye kisosi asije akazichanganya, maana kila skrubu imezoea tundu lake. Akanionyesha ndani. Vilimi vya chuma vinavyotoa sauti vimepangwa duara kama miale ya jua, visafi, hamna kutu, na ngozi ndogo zinazofunika hewa zimelala bapa kama inavyotakiwa.

Nikaipiga nusu saa nzima. Sikuomba kupunguziwa hata pauni moja, mtu akishakueleza ukweli wote ule na bei kaipanga kwa ukweli huo huo, kumkata tena ni kumdhulumu. Nikamwambia naichukua. Akanipa mkono. Tukakubaliana hela ipitie kwenu Jumatatu kama utaratibu wenu unavyotaka ili yeye awe na uhakika na mimi nipate risiti. Ningeweza kumlipa palepale mkakosa kamisheni yenu, wala hakuna ambaye angejua, ila tuliona sio haki.

Jumapili usiku mkampigia yule mzee mkamwambia kuna mteja ametoa 720. Hili amenihadithia mwenyewe kwenye simu, sauti inamtetemeka, anasema aliwaeleza kwamba ameshanipa neno lake na mkamjibu kwenye sistimu yenu kitu hakijauzwa mpaka hela iingie, tena mkamwambia mimi nimeshajulishwa na nimekubali kuiachia. Sikujulishwa. Hamna meseji, hamna simu, hamna imeli. Jumatatu saa tatu asubuhi nafungua programu nilipe nakuta imeandikwa IMEUZWA. Kwahiyo mlimdanganya mzee wa watu ili avunje ahadi ambayo hakutaka kuivunja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko konsatina yenyewe.

Watu wa konsatina sio wengi jamani. Ni vyombo vya zamani, vingi vilitengenezwa London tangu enzi za Wheatstone, aliyeibuni konsatina, karne ya 19, na kilichotunzwa vizuri kinapita mkono hadi mkono, leo unanunua kwangu kesho nanunua kwako. Ndio maana kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote lakini wote tunaufuata: aliyesema "naichukua" wa kwanza ndiye mwenye zamu, anayekuja na pesa zaidi anaambiwa apange foleni, na yule wa kwanza naye akishasema hivyo haruhusiwi kumning'iniza muuzaji huku anazunguka kutafuta ya bei rahisi. Akibadilisha mawazo anasema mapema. Mwaka jana nilipouza ile anglo yangu, konsatina ya mfumo mwingine, ya vitufe 20 kupitia nyinyi, alikuja binti mwanafunzi akaniomba nimsubiri mpaka mshahara wake wa kazi ya jioni uingie, nikamsubiri siku tisa bila arbuni, na katikati hapo walinitafuta watu wawili, mmoja alinizidishia pauni 40. Niliwajibu imeshapata mwenyewe. Siku ya tisa hela ikaingia. Mimi ni mtu wa kawaida tu sina kampuni, na nimeweza.

Sasa la pili. Nilipolalamika, kijana wenu akaniambia msijali, tuna nyingine kama ile ile stoo kwetu, ni mali ya kampuni, tunakupa kwa 540 kama pole. Maelezo yake kwenye tangazo: vilimi vya chuma, imefanyiwa ukarabati kamili, tayari kuchezwa. Nikalipa siku hiyohiyo. Ikaja kwenye boksi jembamba la katoni, bila sanduku lake, imezungushiwa magazeti tu na inagonga huku na huku. Nikaikunjua taratibu, harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Nikapima sauti, noti zote ziko juu karibu robo toni. Nikafungua skrubu kama nilivyomuona yule mzee anafanya, ndani vilimi ni vya njano, shaba tupu, na zile ngozi nyingi zimejikunja kama majani makavu.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Shaba sio kosa, kuna wanaoipenda kwa upole wake. Sauti ya juu nayo sio kosa, zamani Uingereza walikuwa wanapima hivyo, noti yao ya A ilifika hezi 452 na kitu wakati leo ni 440, na konsatina nyingi zimebaki vilevile. Kosa ni kunyamaza. Mimi napiga kwenye kikundi chetu kidogo cha taarab hapa mjini, tuna udi, fidla na kodiani, na wenye udi na fidla wanaweza kukaza nyuzi wakanifuata lakini kodiani haikazwi, iko 440 na itabaki 440. Kuishusha hii konsatina fundi inabidi aguse vilimi 96 kimoja kimoja, kwasababu kila kitufe kina viwili, cha kuvuta na cha kusukuma. Gharama yake inakula bei yote niliyolipa. Sentensi moja tu kwenye tangazo ingetosha, "sauti ya zamani, haijashushwa", ningeipita kwa amani na angeichukua anayeitaka.

Niliwaandikia siku ya pili tu baada ya kuipokea, mkanijibu kwamba vitu used havirudishwi. Hapana. Hii haikuwa mali ya mtu binafsi, mmeuza nyinyi kama kampuni, na Sheria ya Haki za Watumiaji ya hapa Uingereza ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, used au mpya, na inanipa siku 30 kuikataa nirudishiwe hela yote. Leo ni siku ya 17.

Ninachotaka ni pauni 540 zangu zirudi kamili na gharama ya kuirudisha iwe juu yenu. Nataka mumpigie yule mzee wa Sheffield mumwambie ukweli kwamba sikuambiwa kitu wala sikukubali kitu, maana anaamini nilijitoa kimyakimya na aliwahi kunikaribisha nyumbani kwake. Na kwenye programu yenu wekeni kitufe cha kuonyesha kitu kimeshakubaliwa na kinasubiri malipo, siku tatu au nne, ili wafanyakazi wenu wasipigie watu simu usiku kupandisha dau juu ya mtu aliyekwisha kupeana mkono.

Picha za ndani na za kipimo cha sauti nimeambatanisha. Konsatina nimeshaifunga vizuri kwenye boksi gumu na sponji kila upande, iko mlangoni, nangoja lebo ya posta kutoka kwenu.

Mteja wenu,
Leicester