Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Mama zangu na dada zangu, Assalaam aleikum.

Mara ya mwisho kuketi sote pamoja ilikuwa mwanzoni mwa Machi 2020, siku chache kabla ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, tarehe 13. Siku ile tulikuwa tukipanga Ramadhani: nani anunue ngano kwa jumla, nani aazime sufuria kubwa.

Sisi wapishi wa Mji wa Kale, Mombasa, Ramadhani ndiyo msimu wetu. Mwezi ule mmoja hutulipia karo na madeni ya duka. Kafyu ilianza 27 Machi, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe inasaliwa nyumbani, na muuza viazi karai aliyezoea kutandika meza watu wakitoka msikitini hakuwa na wa kumuuzia. Hata wauza kahawa na madele yao hawakuonekana, barazani hakuna mtu. Tarehe 6 Mei, tukiwa kumi la pili la Ramadhani, mtaa wetu ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzo wa Juni. Idd ikatukuta humo humo.

Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wenzetu wanaokaa nje ya mtaa walikuja na unga na sukari hadi kwenye kizuizi, wakawapa askari watupitishie. Hakuna aliyewatuma. Mmoja alifunga mfuko wake kwa leso yake mwenyewe. Leso hiyo bado ninayo, nimeifua, aje aichukue.

Sasa faini. Aprili nilisimamisha faini ya kuchelewesha mchango wa chama. Walionilaumu walikuwa na haki: katiba yetu haimpi mwenyekiti uwezo huo. Lakini sikuona vipi nimtoze faini mtu ambaye jiko lake limezimika mwezi mzima, na mkutano haukuruhusiwa. Naomba leo muuridhie uamuzi huo au muukatae.

Michango ilikusanywa kwa M-Pesa, na makato yalikuwa yameondolewa kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000. Tangu Januari 2021 makato yamerudi kwa zinazopita shilingi 100. Mchango wetu ni 200, basi napendekeza kila mtaa uwe na mkusanyaji mmoja, atume zote kwa mkupuo. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu.

Limebaki moja, na ndilo lililonikosesha usingizi. Mei tulifiwa na mwenzetu. Mazishi yaliruhusiwa watu 15. Desturi yetu twaijua: siku 3 tunajaa nyumbani kwa mfiwa, tunapika, tunaosha vyombo, tunasoma hitima. Safari hii tulituma rambirambi kwa simu. Binti yake aliniambia pesa zilifika na anashukuru, ila jioni zote zile jikoni kwao palikuwa kimya, akawa anapika peke yake chakula cha watu wawili.

Naomba Ijumaa ijayo baada ya alasiri twende kwao, kwa zamu, watano watano, barakoa usoni. Tusome hitima na tupike. Sufuria kubwa iko kwangu.