Mafuta ya chipsi na baridi ya Kabale

Kabale, 9 Julai

Ndugu yangu Yasini,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Hawa na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Wewe uliyekulia kambini Jinja ukabaki palepale kando ya mto unadhani baridi ni ule upepo wa Nile wa alfajiri. Hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huu usiku joto linashuka hadi nyuzi 10. Mke wangu ni Mkiga wa hapahapa, na bado analala na soksi na sweta. Sasa nifikirie mimi.

Umeniuliza kama ni kweli naota moto wa mafuta ya chipsi. Ni kweli. Umeniuliza pia kama unaweza kuwapashia joto vifaranga wako mia tatu kwa mafuta hayohayo, maana makaa yamekushinda bei. Hilo la pili ndilo limenifanya nikae chini niandike, kwa sababu kwenye simu utasikia neno "bure" tu, ukate, uende kutafuta fundi.

Kwanza nikwambie kilichonitoa kwenye sigiri. Mwaka jana tulifanya kama kila mtu hapa: unaiwasha uani, makaa yakishakuwa mekundu unaiingiza sebuleni na kufunga madirisha. Usiku mmoja mama mkwe alilalamika kichwa, akasimama aende kulala, akaanguka mlangoni. Tulimbeba hadi nje, baada ya muda akarudi katika hali yake na kuanza kutugombeza. Makaa mekundu hayana moshi wala harufu, na hapo ndipo mtu anapopotea. Kaboni monoksaidi huioni wala huinusi. Tangu siku hiyo sigiri haivuki kizingiti changu. Nilitaka moto wenye dohani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Nilijaza kibatari mafuta yaliyokaangiwa chipsi, nikawasha utambi, ukawaka kidogo ukafa. Nikatumbukiza njiti inayowaka ndani ya mafuta yenyewe, ikazima kama nimeitia kwenye uji. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 38 hivi. Haya ya kupikia mpaka yapite 300. Tena ni mazito kiasi cha mara kumi ya dizeli, hayapandi utambi mrefu. Unamkumbuka marehemu mzee wako, alivyokuwa akituambia chini ya lori kwamba injini ya dizeli iliwahi kwenda kwa mafuta ya karanga, tukamcheka? Alikuwa na haki. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya namna hiyo ikinywa mafuta ya karanga, kwa sababu serikali ya Ufaransa ilikuwa ikipigia hesabu karanga za makoloni yake ya Afrika. Lakini injini ina pampu ya kuyasukuma mafuta kwa nguvu hadi yawe ukungu. Mimi sina pampu. Ikabidi niyageuze mvuke kwa moto.

Fundi wa kuchomelea wa karibu na stendi alinitengenezea jiko kutoka dramu ya breki ya lori lililokufa. Ndani kuna sahani nzito ya chuma. Juu yake limesimama bomba lenye matundu ubavuni ya kuvuta hewa, nalo linaungana na dohani inayotoka ukutani na kupanda kupita mabati. Mafuta yako kwenye jerikeni nje ya ukuta, yanapita kwenye koki, yanadondoka tone moja moja mahali ninapoyaona kwa macho. Unamimina mafuta ya taa kidogo kwenye sahani, unawasha, unasubiri kama dakika kumi na tano sahani iwe kali kwelikweli. Ndipo unafungua koki. Kila tone likigusa chuma linageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Moto ukikubali unasikia bomba linanguruma kidogo, na juu ya paa huoni moshi.

Watu hunitania kwamba mtaa mzima unanukia chipsi. Harufu ikitoka, ujue jiko linaungua vibaya: tone limezidi, au sahani imepoa. Ule moshi wa mafuta yaliyoungua unaochoma macho jikoni ndio huohuo, na si wa kuvuta.

Sasa kazi yenyewe, Yasini, iko kwenye kusafisha. Mafuta ya chipsi yamejaa maji ya viazi, unga, chumvi na vipande vyeusi vya kila namna. Tone lenye maji likiangukia chuma cha moto linalipuka na kuzima moto wote. Kwa hiyo kila Jumamosi nayapasha uani mpaka kidole hakivumilii, nayaacha yatulie hadi siku ya pili, kisha namimina ya juu taratibu na kuacha mashapo chini. Halafu nayachuja kwenye mguu wa jinzi kuukuu uliofungwa fundo. Mke wangu amezika jinzi tatu kwa njia hiyo na hajasamehe hata moja. Kabla ya kuyatumia nadondosha tone kwenye kikaango cha moto: likitulia, sawa, likirukaruka na kupiga kelele, linarudi kutulia siku nyingine.

Bomba la shaba nililoanza nalo liligeuka kijani ndani ya wiki chache, kwa sababu mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yanakuwa na asidi. Nikaweka la chuma. Mafuta yakibaki kwenye bomba jembamba yanashikana kama ulimbo, na sahani inajenga gamba la masizi ambalo kila baada ya siku tatu nalibandua kwa bisibisi. Halafu kuna hii iliyonichekesha kwa hasira: mengi ya mafuta ya kukaangia hapa ni ya mawese, na asubuhi ya baridi mawese yanaganda. Siku ya kwanza nilifungua koki, kimya. Nikadhani imeziba. Kumbe jerikeni nzima ilikuwa imegeuka samli! Mafuta ya alizeti hayafanyi hivyo, ila nani hapa anakaangia chipsi kwa alizeti?

Hesabu ni hii. Kwa saa tatu za jioni nachoma kama lita moja, na chumba kinakuwa cha kuvua koti. Lita moja ya mafuta haya ina joto la kilo moja na ushee ya makaa, si zaidi. Jerikeni ya lita ishirini, ukitoa mashapo, inanipeleka kama wiki mbili na nusu. Na kuipata si rahisi kama ulivyosikia. Kwetu mafuta hayamwagwi. Mwenye chipsi akishayachosha anamwuzia wa mandazi, wa mandazi anayachanganya na mapya, na yanazunguka hivyo hadi yawe meusi kama ya gari. (Tangu nianze kuyachuja nimeacha kula sambusa za barabarani, na nilikuwa nazipenda.) Napata yangu kwa dada wawili wa chipsi na hoteli moja ndogo, kwa kuwa mimi ninayataka yale ambayo hata wa mandazi ameyakataa. Kama jirani yangu naye angejenga jiko hili, wote wawili tungelala na baridi.

Kwa hiyo vifaranga. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 usiku na mchana, bila kukatika. Hizo si saa tatu, ni ishirini na nne, na lita utakazochoma kwa siku hakuna mwuza chipsi wa Jinja atakayekupa. Pia jiko hili halitaki kuachwa peke yake. Moto ukizima huku sahani ingali kali, mafuta yanaendelea kudondoka na bomba linajaa mvuke mweupe. Niliwahi kuharakisha kuuwasha tena, ukapuliza nje kwa mshindo, na kwa mwezi mzima nilitembea bila nyusi. Sasa ikizima nafunga koki, nakwenda kunywa chai mpaka ipoe. Kwenye banda lenye maranda sakafuni hutapata nafasi ya kunywa chai. Na mafuta yakishika moto, maji marufuku, yanatawanya moto hadi kwenye dari. Mimi nina ndoo ya mchanga na mfuniko mzito wa chuma hapo mkononi.

Ukitaka kweli kujaribu, jiko likae nje ya banda, chini ya kibanda chake, lichemshe maji kwenye pipa lisilofungwa, na maji ya moto uyatie kwenye majerikeni uyapange katikati ya vifaranga. Moto uwe nje, joto ndilo liingie. Kwa makaa pia ningekushauri hivyohivyo, na ninashuku makaa yatakutosha ukiziba zile nyufa za ukuta wa mashariki nilizoziona Idi iliyopita.

Nipe vipimo vya banda na idadi ya majerikeni uliyonayo, nitakuchorea. Mwambie Mama Hawa asikubali kutoa jinzi zake kabla hajauona mchoro.

Naachia hapa, maana mtoto amekuja kuniambia koki imekuwa kimya tena. Naenda kuikalisha jerikeni juani, kama jua litatoka.

Wako,
Rajabu