Habari ya kopo la biskuti na bahasha yako

Reading, Uingereza, 7 Desemba 2025

Ndugu yangu Mbaraka,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumaini wewe, Mama Zuhura, bibi na watoto wote hapo Chumbageni hamjambo. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutafuna vidole, na Asha anakusalimu sana. Najua nimekuwa kimya tangu arobaini ya marehemu mzee, na nimesikia kwamba umenisema kwa watu, nami sina la kujitetea. Leo ninakuandikia kwa mambo mawili, na yote mawili yametoka katika shimo moja.

La kwanza ni bahasha. Mwenye nyumba wetu wa zamani alinipigia simu wiki iliyopita kwamba kuna barua imekuja kwa jina lako, nami nikaifuata. Ni bahasha ya kaki yenye kidirisha cha plastiki, jina lako limeandikwa kwa kurukwa herufi moja, na nyuma yake ipo anwani ya mamlaka ya kodi ya hapa. Sikuifungua. Nimeiweka kwenye droo ya jikoni chini ya vijiko, na kila Asha akitafuta mwiko bahasha ndiyo inayotangulia kutoka.

La pili ni lile kopo jekundu la biskuti za Krismasi ambalo tulikuwa tunatia hati zetu za mshahara. Nimepekua nyumba nzima hadi darini, silioni, na sasa nina hakika kwamba lilisafiri na pipa lako la bluu mwaka 2015, kati ya masufuria ya mama. Nakuomba ulitafute kabla hujamaliza kusoma barua hii, kisha urudi nikueleze.

Wewe uliondoka mambo hayajachacha. Unakumbuka tulivyokuwa tukilipwa katika ile mikataba ya miezi mitatu mitatu: fungu dogo, la kima cha chini, lilikatwa kodi kama mshahara wa mtu yeyote, na fungu kubwa, ili lisikatwe kodi, likaitwa mkopo kutoka katika mfuko wa amana uliokuwa Kisiwa cha Man, mkopo ambao hakuna aliyetarajia kuulipa wala aliyetarajia kuudai. Katika kila pauni 100 tulizochuma, 84 zilitufikia, na zilizobaki karibu zote zilikuwa ujira wa wenye ile kampuni iliyokuwa ikitulipa. Wewe ndiye uliyeuliza, tukiwa juu ya lile kochi lililopasuka, kwamba huu ni mkopo gani usio na mdai, nami nikakucheka, nikakuambia kuwa umezoea mikopo ya dukani kwa Mangi, ile inayoandikwa kwenye daftari. Daftari lilikuwepo, Mbaraka. Lilikuwa limefunikwa tu.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza, na mwaka 2017 ikatunga sheria, kwamba mikopo yote ya namna ile ambayo ingekuwa haijalipwa kufikia tarehe 5 Aprili 2019 ijumlishwe na kuhesabiwa kuwa kipato cha mwaka mmoja. Jasho la miaka likashindiliwa katika mwaka mmoja, na kiwango cha kodi nacho kikapanda ngazi hadi juu. Mamlaka yenyewe ilikadiria kwamba sheria hiyo ingewagusa watu wapatao 50,000, na si matajiri wa benki peke yao, bali pia wauguzi, walimu na maofisa wa ustawi wa jamii waliopewa kazi na mawakala. Nyinyi huko neno tozo mnalijua vizuri, lakini tozo yenu ilikuwa ikimkata mtu anapotuma fedha, na hii yetu inakata chakula kilicholiwa zamani na vyombo vikaoshwa.

Sasa rudi kwenye kopo. Mwaka 2019 kelele zilizidi, Sir Amyas Morse akapewa kazi ya kuipitia sheria ile, na mwezi Desemba serikali ikakubali kwamba mikopo iliyotolewa kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 iondolewe, pamoja na ile iliyofuata hadi Aprili 2016, ikiwa mtu aliieleza vya kutosha katika fomu zake za kodi na mamlaka ikakaa bila kuchukua hatua. Mimi na wewe tulianza Septemba 2010. Ile miezi ya mwanzo, kama tunaweza kuithibitisha, inatoka. Na zile fomu za baadaye, ambazo yule mhasibu wa kampuni alizijaza na sisi tukatia sahihi tukiwa tumesimama mlangoni, huenda zina namba ya mpango ule wa mikopo ambayo ingetusaidia, au huenda hazina kitu. Ushahidi wote uko humo ndani ya kopo. Mimi nilijaza fomu ya mwisho Septemba 2020 kwa kukisia, na tangu hapo ni barua, majibu na barua juu ya majibu. Wanachonidai sasa ni pauni 53,000, na riba haijahesabiwa.

Usiku huwa najiuliza kama tulikwepa kodi au tuliiepuka. Kwa Kiswahili maneno haya ni majirani, lakini kwa sheria za huku moja lina jela na jingine halina, na wale vijana wenye suti walituonyesha maoni ya wakili mkubwa yaliyosema kwamba kila kitu ni halali. Mtu aliyeonyeshwa karatasi ya wakili afanye nini? Lakini pia najua kwamba mtu mzima akipewa pauni 84 katika kila 100, ilhali jirani yake mwenye kazi ileile anapata 60 na kitu, hana haki ya kusema hakuhisi lolote. Mimi nilihisi. Nikanyamaza kwa sababu nyumba ya Pongwe ilikuwa haijaezekwa.

Kinachoniudhi ni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mwezi Julai 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Rangers, ile timu ya Glasgow uliyokuwa ukiishabikia kwa ubishi tu, na ikasema kwamba fedha zilizopitishwa katika amana zilikuwa mshahara tangu mwanzo, na kwamba aliyepaswa kukata kodi ni mwajiri. Tuliposoma hukumu ile tulishangilia, kumbe tuliwahi. Kampuni zile zimekwisha kufungwa, wenye nazo hawaonekani, na mlango unaogongwa ni wa kwetu. Mamlaka imekiri hadharani kwamba vifo kumi vya watu waliojiua, waliokuwa wameingia katika mipango hii, vimefikishwa kwa chombo huru cha uchunguzi. Asha alipoisoma habari hiyo alizichukua barua zangu zote, na sasa yeye ndiye anayezifungua.

Nilitaka kukuficha jambo moja, lakini bahasha yako inanitazama. Nilipokupeleka kwenye kampuni ile, walinipa pauni 250 kwa kuleta mtu mpya. Lile koti la kijivu ulilolisifia siku ya Idi, ukaniambia nimekuwa kama bwana harusi, lilinunuliwa kwa fedha hizo. Bado ninalo, ila siku hizi silivai ninapokwenda...

Basi, tuyaache. Kuna habari njema kidogo. Mwaka huu mtaalamu aitwaye Ray McCann aliipitia tena sheria hii, na tarehe 26 Novemba, siku ya bajeti, serikali ilikubali karibu mapendekezo yake yote, ikaongeza kwamba kila mtu atasamehewa pauni 5,000 za mwanzo. Nafuu hiyo ni ya wale ambao hawajamalizana na mamlaka. Baba Nasra, aliyeuza nyumba mwaka 2018 akalipa yote ili alale usingizi, hapati hata senti. Nilipompigia simu alicheka sana, kicheko ambacho sikukipenda. Mhasibu wangu mpya, mwanamke mkali wa Slough, anasema usijidanganye kwamba kuondoka nchini kumekufutia deni, na kwamba anayejitokeza mwenyewe husikilizwa vizuri kuliko anayefuatwa.

Kwa hiyo nijibu upesi: je, kopo lipo? Panya hawakulifikia? Ndani mna hati za Septemba hadi Desemba 2010, zako na zangu? Wewe uliwahi kujaza fomu yoyote baada ya kurudi, au uliacha kama ulivyoacha ile baiskeli yako kituoni? Kuna mtu yeyote aliyekupigia simu akidai kwamba amenunua madeni ya ile amana na anataka ulipe mkopo wenyewe? Kama yupo, usimlipe wala usimwahidi kitu kabla hatujaongea. Na bahasha hii niifungue nikusomee kwenye simu, au niilete kama ilivyo? Mwanaisha anasafiri kuja huko Januari na atarudi Februari; kopo mpe yeye mkononi, usilitie posta, na kabla ya hapo piga picha ya kila karatasi, pande zote mbili.

Je, umenikasirikia kwa habari ya koti?

Ni mimi ndugu yako,
Hamisi